Hodi kwa Mzee Prošper

Babu yangu Prošper alikuwa mbishi, na naanza na hilo ili asije mtu akaniambia nimempamba marehemu. Alibishana na padri, alibishana na redio ilipotangaza hali ya hewa, na alibishana na Bibi Urša kwa miaka hamsini na minne bila kushinda hata mara moja. Ila mtu akibisha dirishani na kusema ana mgonjwa, ubishi ulikwisha hapo hapo. Alishika kofia kwa mkono mmoja na viatu kwa mkono mwingine, akateremka pekupeku hadi gatini, viatu akavivalia ndani ya mashua.

Mashua yenyewe iliitwa Bonaca, jina ambalo kwetu kisiwani ni bahari iliyotulia, isiyo na upepo wala wimbi. Baba yake ndiye aliyeiunda na kuipa jina hilo, na watu walicheka, maana hakuna kitu Babu alichokichukia kama bahari iliyotulia. Ilikuwa mashua ya mbao, mita saba, mlingoti mmoja, tanga la pembe tatu lenye rangi ya kutu. Injini ilikuwepo pia, ya dizeli, iliyowekwa kwa amri ya Bibi. Babu aliifunika kwa gunia, na mgeni akiiona, Babu alisema ni mali ya mke wake. Injini, alituambia, ni ya watu wenye haraka ya kufika wasikoitwa.

Mimi ni Vinka, binti wa mwanawe Jakov. Baba alikuwa fundi mitambo kwenye meli kubwa, akirudi nyumbani mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo aliyenilea kwa kweli ni Babu. Wajukuu tulikuwa tisa. Wanane walitapika kabla hata ya kuupita mnara wa taa. Mimi sikutapika, basi nikawa wake. Alinifundisha kuujua upepo kwa kisogo badala ya macho, na kupiga bisho, yaani kwenda mshazari dhidi ya upepo, bila kumwagia abiria maji. Nikikosea hakunifokea. Aliimba wimbo wa kanisani, vibaya kwa makusudi, mpaka nirekebishe. Nilipotimiza miaka kumi na miwili alitangaza mezani, Jumapili, mbele ya ukoo mzima, kwamba siku akiondoka Bonaca ni ya Vinka. Binamu zangu hawakupinga. Mmoja aliuliza televisheni itakwenda kwa nani.

Jumapili hizo zilikuwa sheria. Hakuna aliyegusa kijiko mpaka kila aliyeko kisiwani awe amekaa, na aliyechelewa alisubiriwa huku samaki anapoa na Bibi ananuna. Aliyekuwa mbali alifuatwa. Shangazi Dinka alipokuwa akisomea uuguzi katika mji wa Split, upande wa bara, aliandika barua kwamba chakula cha bweni kina ladha ya kitambaa cha kufutia meza. Babu hakujibu barua. Aliondoka alfajiri na sufuria ya mchuzi wa samaki wa Bibi ameibana katikati ya magoti, akaendesha kwa tanga muda wa karibu saa nane, akaingia bwenini na buti zake za mpira, akamtazama bintiye akila mpaka akamaliza. Kisha akaosha sufuria na kurudi. Shangazi anasema aliona haya siku ile mpaka akatamani sakafu impasukie, na sasa hakuna siku anayoitaja kwa furaha kama hiyo.

Meli ya abiria huja kwetu inapoweza. Upepo wa kusini ukivuma, ule mzito wenye mvua tunaouita jugo, meli hulala bara hata siku tatu, na aliyevunjika mguu avumilie. Babu hakukubali habari ya kuvumilia. Kwa miaka arobaini alivusha wagonjwa, wajawazito, mkunga, masanduku ya kura, na mara moja jino la dhahabu la Padri Stipe lililotakiwa kurekebishwa. Alikuwa pia zimamoto wa kujitolea, na kiangazi alivusha maji kwa vizee wanaoishi peke yao upande wa pili wa kisiwa. Hakupokea kitu. Ukimletea mtungi wa dagaa wa chumvi aliupokea, lakini alikualika mle wote, na usipokuja aliurudisha.

Mwaka alipotimiza sabini, moto ulishuka kwenye misonobari na kuziba njia ya ghuba ya nyuma. Zimamoto vijana walimwambia akae nyumbani, mzee, umefanya ya kutosha. Alikaa nyumbani kama dakika nne. Tulipomwona tena alikuwa akiingia bandarini na watu kumi na mmoja na punda mmoja, Bonaca imezama hadi ukingoni, watu wote kimya kwa hofu isipokuwa punda, aliyekuwa anatafuna ncha ya tanga. Babu alipoulizwa kwa nini amembeba punda, alisema punda ndiye pekee aliyepanda bila kuuliza kama ni salama. Kutoa ni moyo, waliosema hivyo walikuwa wanamsema yeye, hata kama hawakumjua.

Lakini kazi iliyomfanya ajulikane kisiwa kizima ni ya uombaji.

Tarehe sita Desemba ni siku ya Mtakatifu Nikola, mlinzi wa mabaharia, na kijijini kwetu siku hiyo tunachoma mashua. Si mfano wa mashua. Ni mashua yenyewe, kuukuu, iliyomaliza kazi yake. Wanaume huibeba mabegani hadi uwanja wa kanisa la Nikola, juu kwenye mizabibu, na baada ya misa ya asubuhi inatiwa moto. Kila nyumba huondoka na konzi ya majivu, na mtu akiunda mashua mpya huyatia chini ya mlingoti. Ndiyo maana tunasema mashua zetu zote ni za tumbo moja.

Sasa, mashua haitolewi hivi hivi. Lazima iombwe. Anayejitolea bila kuombwa huhesabiwa kuwa anajigamba mbele ya mtakatifu, na mashua yake haipokelewi hata akilia. Wala haiombwi mashua ambayo bado ni nzima, kwani hiyo ni sawa na kumzika mtu anayepumua. Mwombaji hutoka baada ya Siku ya Marehemu, mwanzoni mwa Novemba, akiwa na mkate uliookwa nyumbani kwake na chupa ya divai yake mwenyewe. Anapiga hodi hata kama mlango uko wazi. Anasema maneno matatu tu: Nikola anasikia baridi. Mwenye mashua akimrudishia mkate, yamekwisha, hakuna kinyongo. Akiumega, ametoa.

Babu alikuwa mwombaji kwa miaka thelathini na mmoja. Kazi hiyo haina mgombea, maana unakwenda kumwambia mtu kwamba kitu alichokipenda kimekufa na yeye ndiye wa mwisho kukubali. Kuna waliomfungulia wakamfungia. Mjane Mandina alimrushia mkate ukampata sikioni. Babu aliuokota, akaupuliza vumbi, akaketi juu ya ukuta wa nyumba yake na kuanza kusimulia, kwa sauti ya kutosha kupenya dirishani, jinsi marehemu mumewe alivyoiingiza mashua ile bandarini siku ya harusi yao akiwa amelewa na usukani ameushika kinyume. Alirudi kesho yake na kesho kutwa. Siku ya tatu Mandina alitoka nje kumsahihisha, kwamba mumewe hakuwa amelewa, alikuwa na furaha, na katikati ya kumsahihisha akaumega mkate. Waliula wote hadi ukaisha, akalia, Babu akakaa naye mpaka giza lilipoingia.

Bonaca nayo ilizeeka. Wadudu wa mbao walikuwa wameingia kwenye mkuku, uti wa chini wa mashua, na maji yalipita kila mahali. Fundi Kuzma, aliyeipiga kalafati kila masika, yaani kuziba nyufa za mbao, alifika mahali akaweka nyundo chini. "Mzee," alimwambia, "hapa nakalafati hewa." Babu akamwita mvivu, akaendelea kivyake. Kila asubuhi aliteremka kuteka maji na kuyamwaga nje kwa ndoo, mzee wa miaka sabini na minane, halafu kwenye saa nne alipandisha tanga na kuzunguka ghuba, halafu akateka tena. Mashua nyingine za mbao kijijini zilikuwa bado nzima, na zilizobaki ni za plastiki, ambazo zikichomwa hata mtakatifu angekohoa. Kila mtu aliiona hali hiyo na kila mtu alitazama pembeni.

Novemba ile Udugu wa Mtakatifu Nikola, chama cha kanisani kinachosimamia sikukuu hiyo, ulikutana kuamua mashua ya mwaka. Babu hakualikwa, jambo ambalo lilikuwa jipya. Kesho yake Zane, mkuu wa Udugu, alikuja nyumbani kwa Babu amevaa tai. Zane huyu mama yake mzazi alivushwa na Bonaca usiku wa upepo wa kaskazini, kidole tumbo kikiwa karibu kupasuka, na akaishi miaka kumi na tisa zaidi.

"Mzee, tumekubaliana wote," alisema. "Mwaka huu tutachoma kuni za mizabibu na makreti ya samaki. Mlango wako hatuugusi."

"Kwa nini?"

"Umeshatoa vya kutosha. Ni heshima yetu kwako."

Babu akamshukuru. Akamtilia divai, akamuuliza habari za magoti, akamsindikiza hadi kwenye ngazi. Mimi nilikuwa jikoni nakaanga samaki, na sitaficha: nilifurahi mpaka nusura niimbe. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, nafanya kazi posta, na nilikuwa nimekwisha omba banda lililoko nyuma ya posta ili niiweke Bonaca humo. Nilikuwa na michoro. Fundi Kuzma aliitazama, akaniambia kwa upole kwamba ili kuiponya Bonaca itabidi nibadilishe kila kitu isipokuwa jina. Nikamwambia sawa, tutaanza na usukani.

Kuanzia jioni ile Babu akabadilika. Baada ya chakula alivaa koti lake la Jumapili, akalowesha nywele na kuzichana, akageuza kiti kikatazama mlango. Televisheni aliipunguza sauti hadi ikawa ya kutazama tu. Nikipita kwao kutoka kazini nilimkuta hivyo, na aliponiona ni mimi aliniuliza habari za posta kwa adabu, jambo ambalo hakuwahi kulijali. Jioni moja jirani alipiga hodi na Babu akasimama haraka hata kiti kikaanguka. Jirani alitaka kuazima ngazi. Babu alimpa ngazi, akaokota kiti, akaketi tena.

Niliona yote hayo na nikaamua kutoyaelewa. Bibi Urša hakuniruhusu. Siku mbili kabla ya Nikola aliniita jikoni kumenya viazi, na viazi vyenyewe vilikuwa vitatu.

"Vinka, unadhani lile koti anamvalia mtangazaji wa habari?"

Nikasema labda ni uzee.

"Uzee gani. Anangoja hodi. Wiki tatu sasa." Aliongea bila kuacha kumenya. "Milango thelathini na mmoja imemmegea mkate. Yeye hakuna wa kumletea hata kipande. Wanamheshimu mpaka wamemtoa kijijini."

"Si awaambie mwenyewe?"

"Awaambie nini? Mganga hajigangi. Akijitolea watakataa, na watakuwa na haki."

"Basi muombe wewe, Bibi."

"Mimi ni mwenye nyumba. Anayeomba hutoka nje. Wewe una kwako, una jiko, una mikono."

Nikamwambia kwamba mimi ndiye mtu wa mwisho duniani wa kuulizwa hilo. Nikamwambia Bonaca ni yangu, alisema mwenyewe, mezani, mbele ya watu.

"Najua," akasema Bibi, akachukua kiazi cha mwisho.

Nilikwenda nyumbani nimekasirika. Niliwakasirikia Udugu kwa uoga wao, Bibi kwa viazi vyake, na Babu kwa koti lake. Nilijiambia kwamba mzee huyu amepata alichostahili, mashua yake imesamehewa, anataka nini zaidi? Kisha nikajikuta nafikiri habari za banda. Nilijiona mle ndani jioni, nimeketi ndani ya mashua iliyo juu ya magogo, isiyokwenda popote, nikinusa mbao. Hapo ndipo nilipojua nilikuwa nataka nini hasa. Nilikuwa naogopa siku ambayo Babu hatakuwepo, na nilitaka kujiwekea kitu chake cha kushika siku hiyo ikifika. Nilikuwa nataka kumwibia jambo moja ambalo kijiji kilimpa kila mtu isipokuwa yeye, ili mimi nisilie sana. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nikatoa unga kabatini.

Mimi si mwokaji. Mkate ulishikwa na moto chini na katikati ukabonyea. Divai ilikuwa ya Babu mwenyewe, aliyonipa wakati wa mavuno, kwa hiyo nilihamishia kwenye chupa nyingine nikijidanganya kwamba hataijua. Jioni ile ile, tarehe nne, nikapanda ngazi za nyumba ambayo maisha yangu yote nimeingia bila kubisha. Mlango ulikuwa wazi. Alikuwa pale, kwenye kiti, ananitazama.

"Hodi," nikasema.

Macho yake yalikwenda kwenye mkate, yakaenda kwenye chupa, yakarudi usoni pangu.

"Nani?"

"Vinka wa Jakov."

"Karibu."

Niliingia nikasimama katikati ya chumba. Bibi alizima televisheni. Maneno ni matatu tu, na nilikuwa nimeyasema njia nzima, lakini ilibidi niyaanze mara mbili.

"Nikola anasikia baridi."

"Hapana," akasema Babu.

Sikutegemea hilo. Nilifikiri angeumega hapo hapo, wiki tatu alizongoja. Aliukunja uso, akashika mikono ya kiti kana kwamba nimekuja kumng'oa.

"Ana miaka mitano bado," alisema. Bonaca alimsema hivyo siku zote, kama mtu. "Anataka kalafati tu. Kuzma mvivu."

"Babu, leo asubuhi umeteka ndoo arobaini na tatu."

"Umehesabu?"

"Nilikuwa dirishani posta. Nahesabu kila siku."

"Posta hamna kazi." Kisha sauti ikabadilika, ikawa ya mtu aliyeumizwa, na sikuwahi kuisikia kwake kabla wala baada. "Miaka thelathini na mmoja nimepanda ngazi za watu hawa. Wamenitukana, wamenirushia vitu, nikarudi. Mlango wangu una nini? Una tauni?"

"Wanaogopa kukuumiza."

"Na wewe huogopi?"

"Naogopa sana."

Akanitazama. "Nilikuahidi wewe huyu."

"Ndiyo maana nimekuja mimi," nikasema. "Mwingine angekuomba cha kwako. Mimi nakuomba cha kwako na changu."

Nikamnyooshea mkate. Babu aliinuka, polepole, akaja akauchukua mkate. Aliugeuza, akautazama chini palipoungua, akaugonga kwa kidole ukatoa mlio wa ubao.

"Urša," alisema, "huu utahitaji maji ya moto."

Akaumega. Aliumega kwa mikono yote miwili, maana ulikataa, na kipande kikubwa akanipa mimi. Tulikula tumesimama, sisi watatu, tunatafuna kwa muda mrefu. Divai aliionja akasema mwenye shamba hili anajua kazi. Nilipoanza kulia hakunibembeleza. Alinishika kisogo, pale pale alipokuwa ananiambia niusikilize upepo, akakaa hivyo mpaka nikamaliza.

Habari zilifika kwa Zane kabla sijafika kwangu, na wanasema alivua miwani akaifuta muda mrefu. Kesho yake asubuhi upepo ulikuwa wa kaskazini, mwepesi na mkavu, mbingu safi. Tulitoka na Bonaca hadi mnara wa taa, yeye kwenye usukani, mimi na ndoo. Niliteka na kumwaga maji kwenda na kurudi. Sikuona bahari wala kisiwa, niliona maji ya ndani ya mashua tu na buti zake. Alibishana na upepo njia nzima. Tuliporudi, gati lilikuwa limejaa watu waliojifanya wana shughuli pale, na walipojaribu kumpa mkono ili ashuke aliwauliza lini amekuwa bibi harusi.

Siku ya Nikola waliibeba watu arobaini, na zamu zikagombewa. Kila mtu alitaka bega lake liwemo: Zane na magoti yake, Kuzma, wana wa Mandina, wote waliokuwa wamevushwa au mama zao kuvushwa. Babu alitembea kando, kiganja kwenye ubavu wa mashua, akilalamika kwamba wanaibeba vibaya, wanainamisha omo, upande wa mbele, hawajui kitu. Juu kanisani alivua kofia, akatia moto mwenyewe kama ilivyo desturi, kwa mkono usiotikisika, akarudi nyuma akasimama karibu nami.

Mbao kuukuu zenye lami hushika haraka. Kwanza liliungua tanga, kisha mbavu zikaonekana, na moshi ukaelekea baharini. Watu walisali kwa sauti ya chini. Babu hakusali. Alisimama wima ndani ya koti lake la Jumapili, na mashavu yake yalikuwa yamelowa na hakuyafuta.

"Unajua nilikuwa nawaambia nini," akaniuliza bila kugeuka, "wakikataa?"

"Nini?"

"Kwamba haiumi. Kwamba ukishaumega tu, imekwisha."

Mlingoti ukaanguka. Nikamuuliza kama inauma.

"Inauma vibaya sana," akasema. "Lakini wewe mwakani usimwambie mtu."

Alifariki Machi iliyofuata, kitandani, katikati ya ubishi na Bibi kuhusu dirisha. Tangu hapo nimepiga hodi kwenye milango sita, na kila mwenye mashua nimemwambia haiumi.